Lebo ya Ajuza

“Mzembe? Mume wangu mimi, mzembe? Hebu rudia uone kama utatoka na meno yote humu jikoni.”

“Sijasema mimi, wifi. Imesema ripoti.”

“Na ripoti imeandikwa na nani, majini? Si hao hao wa ofisini kwako mnaokunywa nao chai?”

Mama Lebo hakuinua kichwa. Alikuwa anapaka siagi mikate ya watoto watatu waliokuwa wakigombania soksi chumba cha pili, na saa ya ukutani ilisema saa moja kasorobo. Wifi yake alikuwa ameingia bila hodi, amevaa koti la marehemu. Koti lile lilikuwa likimbana marehemu mwenyewe. Kwa mjane wake, baada ya wiki tatu za msiba, lilikuwa limegeuka hema.

“Kobe alikuwa anaendesha gari kama amepakia mayai,” wifi alisema. “Watu wanampigia honi, yeye anawapungia mkono. Ndiyo maana nyinyi wenyewe mkamwita Kobe. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuacha gari na kuondoka kwa miguu jangwani kama kichaa? Hivi hivi tu?”

“Jua linavuruga watu akili.”

“Usinitajie jua! Alikuwa na karatasi mfukoni. Karatasi yako.”

Akaitoa na kuikunjua juu ya meza, kati ya mkate na kisu. Ilikuwa nakala ya lebo ya mmea, imechakaa mikunjoni. Polisi walikuwa wameirudisha pamoja na saa ya mkono na funguo, zote ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Mama Lebo aliitambua kabla haijafunguka yote, maana mtu huweza kusahau sura za watu lakini si kazi ya mkono wake.

“Binti yangu ameulizwa jana shuleni kama ni kweli baba yake alikufa kwa ujinga,” wifi alisema, na sasa hakuwa akipiga kelele tena. “Ana miaka minane. Nimjibu nini?”

“Lebo hiyo haina kosa. Niliichapa mwenyewe.”

“Basi nenda ukaitazame tena. Itazame, halafu uje unitazame mimi machoni, useme mdogo wako alikuwa mzembe. Ukisema hivyo nitanyamaza. Na koti hili nitalichoma moto.”

“Nitaitazama.”

Alisema hivyo ili mlango ufungwe na watoto wafike shule kabla kengele haijalia. Ndivyo alivyokuwa: jambo likimkaba, alilitafutia saa yake, akalipanga mstarini pamoja na mengine.

*

Nyumba ya mimea mikavu ilikuwa jengo la ghorofa moja, nyuma ya majengo mengine marefu yaliyopakwa rangi upya kila baada ya miaka michache. Yenyewe haikupakwa. Ndani mlikuwa na makabati ya chuma ya kijani, safu kwa safu, na harufu ya dawa ya nondo iliyomfuata mtu mpaka kitandani. Katika makabati hayo mlilala maelfu ya matawi, majani na maua yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Kila karatasi, pembeni chini upande wa kulia, ilikuwa na lebo: jina la mmea, aliyeuchuma, namba yake, tarehe, na mahali.

Kazi ya Mama Lebo kwa miaka kumi na saba ilikuwa hiyo pembe ya chini upande wa kulia. Alisoma madaftari ya wakusanyaji, akachapa lebo, akabandika. Kobe, aliyekuwa dereva wa nyumba ile, alipenda kuchungulia dirishani akiwa ameshika kikombe. “Dada, watu wengine huokota kuni wakapika. Nyinyi mnaokota kuni mnaziandikia wasifu.” Kisha angecheka peke yake, taratibu, kama alivyofanya kila kitu.

Palikuwa na sheria moja iliyozidi zote. Mama Lebo aliifahamu wiki ya kwanza, siku alipokuta lebo ya zamani yenye kosa na kuchukua wembe aibandue. Mkuu wa nyumba alimnyang’anya ule wembe. “Humu ndani hakuna kufuta,” alimwambia. “Kosa ni kumbukumbu kama tawi lilivyo kumbukumbu. Ukiona kosa, chukua kikaratasi kipya, andika sahihisho, weka jina lako na tarehe, bandika juu ya lebo ya zamani bila kuifunika. Anayekuja asome yote mawili na ajue nani alisema nini.” Tangu siku hiyo Mama Lebo alikuwa amebandika vikaratasi vya namna hiyo mamia, vya makosa ya watu wengine.

Kabati la kumi na nne, rafu ya tatu, ndipo alipolala Ajuza.

Jina lake la kitaalamu lilikuwa refu na hakuna aliyelitamka mara mbili kwa hiari. Walimwita Ajuza kwa kuwa alikuwa kijivu, amejikunja, mwenye miiba badala ya meno, na shina lake lilitoa gundi nzito kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Kichaka hicho cha jangwani kilikuwa kimechumwa mara moja tu, miaka arobaini iliyopita, na mkusanyaji waliyemwita Mzee wa Mabuti, ambaye sasa alikuwa marehemu. Mzee alikata matawi matatu ya kichaka kimoja. Moja lilikuwa hapa, na mawili, Mama Lebo alipokwisha kuyachapia lebo, yalipelekwa kwenye nyumba nyingine mbili za mimea, nchi za mbali. Hapakuwa na mengine duniani, ila kama Ajuza bado yuko hai huko alikoachwa.

Na hilo ndilo lililowapeleka watu jangwani. Mtafiti, binti mwembamba aliyekuwa na mwaka mmoja kazini, alitaka kujua kama kichaka kile kingalipo. Dereva alikuwa Kobe. “Ninakwenda kumposa Ajuza,” aliaga. “Miaka arobaini hajatembelewa na mwanamume, maskini, hata nikiwa mimi atashukuru.” Walichukua nakala ya lebo. Walipakia maji ya siku mbili, na madebe mawili matupu ya kujazia huko huko, kwa sababu lebo ilisema kuna kisima.

Mama Lebo alilitoa jalada la Ajuza, akalifungua juu ya meza ya kioo. Tawi lilikuwa mahali pake, na kibahasha cha mbegu, na lebo.

“Ukingo wa kaskazini wa uwanda wa chumvi. Kichaka kirefu kufikia goti. Mwendo wa nusu saa kutoka kisimani, upande wa machweo.”

Alilinganisha na nakala ya wifi, neno kwa neno. Hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo angeweza kufunga jalada, akarudi nyumbani, akasema alichotakiwa kusema. Badala yake alikwenda chumba cha pili, alikokuwa mtafiti.

Binti yule alikuwa amerudi kazini Jumatatu. Midomo yake ilikuwa bado inabambuka, na kwenye meza yake alikuwa amepanga chupa nne za maji, zote zimejaa, zote zimefunguliwa vifuniko.

“Nieleze alivyoondoka,” Mama Lebo alisema bila salamu ndefu.

“Nimeshaeleza kwenye ripoti, mama.”

“Nieleze mimi.”

Mtafiti alisogeza chupa moja inchi moja. “Waliniuliza kama kanuni inasema tusiache gari. Nikasema ndiyo, inasema. Wakaandika. Hawakuuliza tena.”

“Wangeuliza nini?”

“Kilichobaki.” Alisogeza chupa ya pili. “Tulizunguka ukingo mzima siku ya kwanza, tukitafuta kisima. Siku ya pili ganda la chumvi likavunjika, gari likazama mpaka ekseli. Redio ilikuwa haishiki. Siku ya tatu maji yalikuwa yamebaki chupa moja na nusu. Alinipa zote. Nikamwambia tukae, tutatafutwa. Akasema, ‘Kisima kipo nusu saa, dada yangu ameandika. Na dada yangu hakosei hata orodha ya sokoni.’ Akachukua yale madebe matupu, moja kila mkono, akaenda.” Akazirudisha zote mbili mstarini. “Alikuwa anageuka kunipungia mkono. Kila baada ya hatua chache anageuka. Mpaka sikumwona tena.”

Waliokuja kuwaokoa walimkuta Kobe kilomita kumi na moja kutoka kwenye gari, ukingoni, kwenye mstari ambao lebo ilimpa. Madebe yalikuwa kando yake, yamesimama wima.

Mama Lebo alisema, “Kunywa maji, mwanangu,” akatoka. Akaenda kutafuta daftari.

*

Madaftari ya Mzee wa Mabuti yalikuwa kwenye sanduku la bati, yamefungwa kwa tepu ya kitambaa. Hili lilikuwa la nane. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu alishike mara ya mwisho, na aliikumbuka wiki ile kwa sababu kitinda mimba wake alikuwa na surua, na baba wa watoto alikuwa bado yupo lakini kama picha ukutani. Baadaye baba huyo alitoka kwenda kununua betri za redio, na mpaka leo redio iko kimya.

Mzee alikuwa na mtindo wa watu wa safari. Hakuandika mahali kwa kila mmea. Alipiga kambi, akaandika mahali mara moja, na kwa mimea iliyofuata aliandika tu “kama hapo juu”. Aliyechapa alipaswa kupanda juu, mstari kwa mstari, mpaka apate jina la mahali.

Namba 409: “Kambi ya ukingo wa kaskazini, uwanda wa chumvi. Nyasi ngumu, haziliwi na mnyama.”

Akafunua ukurasa.

Namba 412: “Kama hapo juu. Kichaka kirefu kufikia goti, miiba, gundi nyingi ajabu. Nusu saa kutoka kisimani, upande wa machweo.”

Mia nne na tisa. Mia nne na kumi na mbili.

Aliitazama ile nafasi ambayo haikuwa nafasi. Kisha akavuta rejista kubwa ya mwaka ule, mwandiko wake mwenyewe, na kidole kikateremka mpaka mstari aliokuwa ameuandika akiwa na umri mdogo na haraka nyingi: “410 na 411 hazionekani. Huenda mzee aliruka.”

Kwa hiyo aliiona. Hakuweza hata kusema hakuiona. Aliliona pengo, akalitolea jibu, akaenda nyumbani kumkanda mtoto homa.

Akaupapasa ukurasa kati ya kidole gumba na cha pili. Ulikuwa mzito. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Katikati palikuwa na doa la rangi ya asali, na ndani ya doa kivuli chembamba chenye miiba. Mzee alikuwa ameweka kitawi kidogo cha Ajuza ndani ya daftari, na gundi yake ikazifumba kurasa mbili zikawa moja.

Mama Lebo alisimama, akajaza birika la umeme walilochemshia chai, akaliwasha. Mvuke ulipopanda aliushikia ukurasa juu yake, akahesabu pumzi kumi, akaingiza kisu cha karatasi pembeni, akarudia. Aliifanya kazi ile kama anavyofanya kila siku, na hilo baadaye lilimtia hofu kuliko mengine. Harufu tamu, ya kale, ikatoka. Kurasa zikaachana kwa sauti ndogo kama ya mtu anayebusu.

Mwandiko wa Mzee ulikuwa safi kana kwamba ameuandika asubuhi hiyo.

“Tumeuzunguka uwanda wa chumvi, siku mbili. Kambi mpya, ukingo wa kusini. Hapa kuna kisima cha maji matamu ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Ashukuriwe Mungu. Ukingo wa kaskazini hauna maji kabisa, tuliteseka. 410, mbegu tu, zimeliwa na panya. 411, nyasi, imeoza, imetupwa.”

Na chini, upande wa pili wa karatasi: 412. Kama hapo juu.

Alisoma mara moja. Watu wa kazi yake hawahitaji kusoma mara mbili. *Ukingo wa kaskazini hauna maji kabisa.* Mzee alikuwa ameandika “kabisa”, akalipigia mstari neno hilo, na onyo lile lilikuwa limelala sandukuni miaka yote hiyo, hatua sita kutoka kwenye kiti chake. Naye alichukua kisima cha kusini akakichimba kaskazini, kwa taipureta, kabla ya saa kumi jioni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa ameusema msemo huo kwa watu wengi, na kila mara alimaanisha mtu mwingine.

Huko kusini, labda Ajuza yupo mpaka leo, amekaa zake karibu na maji, hana habari.

*

Mkuu aliingia saa nne na dakika kumi, na ripoti mkononi. Alikuwa mwanamume mpole wa sauti, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

“Mama Lebo, imebaki sahihi yako tu. Hapa, ‘Mtunza kumbukumbu’. Inasema kumbukumbu za mahali zilikaguliwa na ziko sawa. Saini niipeleke, mjumbe ananisubiri nje.”

“Haziko sawa.”

“Nini?”

Akamgeuzia daftari. Mkuu alisoma ameinama, mikono nyuma. Alisoma ukurasa, akasoma lebo, akasoma rejista mahali kidole chake kilipomwonyesha. Alipoinuka alikwenda akafunga mlango.

“Nani mwingine ameona?”

“Mimi na wewe.”

“Vizuri. Sasa tulia unisikilize.” Akavuta kiti. “Leo jioni unachapa lebo mpya. Hii unaibandua, wewe unajua kubandua kuliko mtu yeyote humu. Ukurasa wa rejista unauandika upya. Baada ya mwaka, mambo yakipoa, tutatuma watu, watakwenda mahali sahihi, na Ajuza atapatikana akipenda Mungu.”

“Na ripoti?”

“Ripoti inabaki ilivyo.”

“Ilivyo inasema Kobe mzembe.”

“Kobe amekufa, Mama Lebo. Maiti hafukuzwi kazi, haaibiki. Wewe uko hai. Una watoto watatu na huna mwenzako. Unataka wakue wakiambiwa nini kuhusu mama yao?”

“Binti yake naye anaambiwa.”

“Atasahau. Watoto husahau.” Alisema hivyo akitazama kalamu zake. “Halafu kuna nyumba yenyewe. Unajua wanavyotutazama. Wanatafuta sababu tu. Wakisikia lebo zetu zinaua watu, makabati haya yatakuwa nje kwenye mvua na humu ndani watapanga viti vya mikutano. Matawi ya miaka mia, Mama Lebo. Kwa ajili ya mstari mmoja.”

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kukataa. Mama Lebo alijikuta anafikiria kwa utaratibu wake ule ule, kitu baada ya kitu. Alimfikiria mama yao, yeye na Kobe, aliyekuwa amezika mtoto mmoja mwezi huu. Akijua haya, atakuwa amezika wawili. Aliwafikiria wanawe na soksi zao. Alifikiria kwamba lebo mpya ingemchukua dakika saba kuichapa, na kwamba kesho mvua ingenyesha, viazi vingechemka, na dunia isingepungukiwa kitu.

Na wifi angelisoma jibu lake machoni, kisha angenyamaza kama alivyoahidi, kwa maana alikuwa mwanamke wa neno lake. Angekwenda nyuma ya nyumba na kiberiti. Halafu binti wa miaka minane angejibiwa.

“Siku niliyochukua wembe,” Mama Lebo alisema, “uliniambia nini?”

Mkuu alifumba macho. “Usinirudishe huko. Ule ulikuwa mmea. Hili ni jambo la watu.”

“Uliniambia humu ndani hakuna kufuta.”

“Nilikuambia kuhusu makosa ya watu wa zamani!”

“Sikujua kuna makosa ya daraja la kwanza na ya daraja la pili. Ungenifundisha yote siku ile.”

“Maiti hadai chochote,” Mkuu alisema taratibu.

“Hadai. Alikwenda na madebe mawili matupu kwa sababu niliandika. Hadai kitu, alikuwa hajui hata kudai. Mimi ndiye ninayedaiwa.”

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kikaratasi cha masahihisho, na ile kalamu ya wino usiofifia wanayoitumia kwa mambo ya kudumu. Mkuu alisema, “Ngoja kwanza tuzungumze.” Mama Lebo alikuwa ameshaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umenyooka, kama siku zote.

“Mahali palipotajwa kwenye lebo hii si sahihi. Tazama daftari la nane la mkusanyaji, ukurasa uliokuwa umegandamana: ukingo wa kusini wa uwanda wa chumvi. Ukingo wa kaskazini hauna maji kabisa. Kosa lilifanyika wakati wa kuchapa lebo, si uwanjani. Dereva aliyefuata lebo hii aliifuata sawasawa. Aliyechapa na aliyesahihisha ni mtu mmoja.”

Akaweka tarehe. Akaandika jina lake kamili, lile ambalo hakuna mtu ofisini aliyelitumia tena.

“Ukibandika hiyo,” Mkuu alisema, “siwezi kukusaidia.”

“Najua.”

Akapaka gundi kwa brashi, pembe nne na katikati, akabandika kikaratasi juu ya lebo ya zamani bila kuifunika, akaweka juu yake lile jiwe laini la kukandamizia. Gundi ile ilihitaji dakika kumi. Hakukaa akiitazama. Akavuta ripoti, na penye nafasi ya sahihi yake akaandika: “Sikubali. Tazama sampuli namba 412.” Akamrudishia Mkuu mkononi, kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu mzima.

Kisha akageukia kompyuta. Matawi mengine mawili yalikuwa kwenye nyumba zile za mbali, yamelala na lebo yake ile ile, yakisubiri kumtuma mtu mwingine na madebe matupu. Kanuni ilisema lebo ikisahihishwa huku, wenye matawi ndugu waambiwe. Aliandika barua moja kwa nyumba zote mbili, maneno yale yale ya kikaratasi, akaambatanisha picha ya ukurasa. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake. Alimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Mama Lebo akabonyeza. Barua ikaenda.

Mkuu alibaki pale kidogo. Kisha akafungua mlango, akatoka na ripoti yake. Nje mjumbe alisikika akiuliza kama tayari.

Zilibaki dakika sita. Mama Lebo akachukua simu.

“Wifi. Nimeitazama.”

Upande wa pili kulikuwa na maji yanayotiririka bombani, kisha yakafungwa.

“Haya. Sema.”

“Usilichome koti. Kobe hakukosea njia. Njia niliikosea mimi, miaka tisa iliyopita, hapa hapa kwenye kiti.”

Hakusikia kilio wala tusi. Alisikia pumzi tu, ndefu, kama ya mtu aliyebeba kitu kizito ngazi nyingi na kuambiwa si hapa, ni ghorofa ya juu zaidi.

“Ulitaka niyaseme nikikutazama machoni. Nakuja sasa hivi. Ukitaka kunifungia mlango, nifungie, nitayasemea dirishani. Na binti akirudi shule nitamwambia mwenyewe.”

Simu ikakatwa.

Mama Lebo akainua jiwe, akajaribu pembe ya kikaratasi kwa ukucha. Ilikuwa imeshika. Akafunga jalada, akamrudisha Ajuza kabati la kumi na nne, rafu ya tatu, akachukua mkoba wake na kutoka.